Habari za Utamu katika Njia ya Misafara

Historia ya nchi zetu imeandikwa zaidi kwa habari za vita, watawala, pembe za ndovu na njia za reli. Habari za jikoni hazikupewa nafasi kubwa, kwa kudhaniwa kwamba chakula ni jambo la kila siku, na jambo la kila siku halistahili wino. Lakini hapana mtu aliyepata kwenda vitani kwa tumbo tupu akarudi na ushindi. Na tena yako maswali mazito ambayo huulizwa penye chakula kabla hayajaulizwa mahali pengine popote. Insha hii imetokana na swali moja la namna hiyo, lililoulizwa Kitete, katika mji wa Tabora, mbele ya bakuli la kioo.

Ilikuwa karamu ya arusi katika ukoo wetu. Wali na nyama vilikuwa vimekwisha kuondolewa, na shangazi yangu, ambaye ndiye mpishi wa shughuli zetu zote, alileta pudini yake ya tabaka. Chini palikuwa na keki, juu yake furu zilizopikwa kwa asali, juu yake kastadi ya manjano. Kisha keki tena, furu tena, na kastadi tena, mpaka ukingo wa bakuli. Vijana walishangilia. Lakini babu yetu mmoja, mtu mzima sana na mwenye heshima yake mjini, alisukuma kisahani chake polepole akasema: "Mwanangu, hiki ni chakula cha Wazungu. Babu yangu mimi alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo yao kichwani; je, nami niibebe pudini yao tumboni?"

Shangazi alijibu kwa adabu: "Baba, asali hii imetoka Sikonge, na furu nimeziokota porini kwetu. Cha Mzungu humu ni kipi?" Mzee hakumjibu. Alinigeukia mimi akasema: "Wewe ndiye msomi. Tueleze." Nami, ambaye kwa miaka mingi nimewafundisha vijana fasihi na historia ya lugha yao, sikuwa na la kueleza. Maneno yafuatayo ni jibu ambalo nilipaswa kuwa nalo siku ile.

Kwanza tumpe mzee haki yake. Umbo la chakula hiki, yaani kupanga keki, matunda na kastadi kwa tabaka katika chombo kimoja, limetoka Uingereza. Jina lake la Kiingereza lina maana ya jambo dogo lisilo na uzito. Thomas Dawson alilitumia katika kitabu chake cha upishi cha mwaka 1585, na wakati ule lilikuwa ni jina la malai iliyopikwa kwa sukari na tangawizi tu. Tabaka zilikuja baadaye, katika karne ya 18. Mwaka 1837 Alfred Bird, mkemia wa mji wa Birmingham, alitengeneza unga wa kastadi usiokuwa na mayai, kwa sababu mkewe alikuwa akidhurika kwa kula mayai. Na mwaka 1843 akatengeneza unga wa kuumulia keki na mikate, kwa ajili ya mke huyo huyo ambaye hakuweza kuivumilia hamira pia. Kwa mapenzi ya mtu mmoja kwa mkewe, pudini iliyokuwa ya matajiri wenye wapishi wengi ikawa kazi nyepesi ambayo mtu yeyote mwenye maziwa na jiko aweza kuifanya. Unga huo ndio ulioenea duniani hata ukafika katika maduka ya Tabora.

Lakini umbo si chakula. Mtu hali umbo. Hula ngano, hula matunda, hula utamu. Na tukivifuata vitu hivi kimoja kimoja, tutaona kwamba vilikuwapo Tabora kabla Mwingereza hajakaa katika kiti cha utawala wa nchi hii, na vingine vilikuwapo kabla hajaonekana hata msafiri wake wa kwanza.

Msafiri huyo alikuwa Richard Burton, aliyeingia Kazeh pamoja na Speke tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kutembea siku 134 kutoka pwani. Kazeh ndiyo asili ya Tabora ya leo. Burton alikuta kwamba miaka mitano hivi kabla yake, yapata mwaka 1852, mahali pale palikuwa pori, na kwamba watu wawili ndio waliojenga nyumba na kuchimba visima hata pakawa mji: Musa Mzuri, Mhindi wa Surat, na Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi. Huyu Snay ndiye aliyempokea Burton kwa ukarimu mkubwa, akamfundisha habari za nchi na za lugha za bara. Na katika habari alizoziandika Burton juu ya mwenyeji wake, limo neno moja ambalo wasomaji wengi hulipita bila ya kulitazama: Snay bin Amir alianza maisha yake Maskati kwa kazi ya kutengeneza vitamutamu. Kisha katika muda wa miaka 16 akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika Afrika ya Mashariki.

Basi msomaji naatulie kidogo juu ya jambo hili. Mmoja wa waasisi wawili wa mji wetu alikuwa mpishi wa vitamutamu. Mikono iliyozoea mwiko na sufuria, katika mji ambao halua ndiyo fahari ya kila karamu na kila msiba, ndiyo iliyokuja kupima pembe za ndovu chini ya miti ya Unyanyembe. Lakini sentensi ile ile inayotupa mwanzo huu mtamu ndiyo inayotupa na mwisho wake mchungu, maana utajiri wake ulikuwa wa pembe na wa watu. Hatuwezi kuchukua nusu ya kwanza ya sentensi na kuiacha nusu ya pili. Snay mwenyewe aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1860, katika vita vya Waarabu na Mtemi Manwa Sera wa Unyanyembe.

Ngano ya keki ilifikaje? Waarabu na watu wa pwani waliilima kandokando ya matembe yao kwa matumizi yao wenyewe. Henry Stanley, aliyefika Unyanyembe tarehe 23 Juni 1871, aliiona, akaona na michungwa, milimau, mipapai na miembe iliyopandwa karibu na nyumba. Aliandika pia kwamba kila mwaka misafara iliwaletea matajiri wa Tabora anasa za pwani: chai, kahawa, sukari, viungo, biskuti, samaki wa makopo, na hata matunda yaliyogandishwa kwa sukari. Kwa hiyo mnamo mwaka 1871 mtu wa Tabora mwenye mali angaliweza kupata ngano, mayai, maziwa, samli, sukari na matunda matamu ya mkebe, bila ya kutoka nje ya mji. Kilichokosekana ni desturi ya kuvipanga kwa tabaka tu.

Siku ile ya kufika, Stanley aliletewa karamu nyumbani kwake Kwihara. Zilikuja sinia moja baada ya nyingine: wali mwingi na kuku wa mchuzi, mikate mikubwa ya ngano dazeni moja, maandazi ya moto, mapapai, makomamanga na malimau. Nyuma yake waliswagwa ng'ombe watano, kondoo wanane na mbuzi kumi, wakaletwa na kuku dazeni moja na mayai mabichi dazeni moja. Twajua idadi ya mayai, lakini majina ya waliozibeba sinia zile hatukuachiwa. Na katika nyumba za matajiri wa Unyanyembe wa zama zile, kazi ya kusaga, kukanda, kukaanga na kubeba ilikuwa kazi ya watumwa. Miezi miwili baadaye, mwezi wa Agosti 1871, Mirambo aliushambulia mji wa Tabora, na baadhi ya nyumba zilizopika karamu ile zikateketea.

Sasa tutazame utamu wenyewe. Sukari ilikuwa mgeni aliyekuja kichwani mwa mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, ambazo ni karibu kilo 32. Na safari ilikuwa ya miezi mitatu mpaka minne na zaidi, kupita Ugogo penye uhaba wa maji na hongo za kila mtemi. Kila kijiko cha sukari kilichokorogwa katika kikombe cha kahawa Tabora kilikuwa kimepanda na kushuka pamoja na shingo ya Mnyamwezi. Lakini Mnyamwezi huyo huyo, aliporudi kwao, hakuhitaji sukari ya mtu. Misitu ya miombo iliyouzunguka mji ilikuwa na mizinga ya magome ya miti, na asali yake ilitosha kwa chakula, kwa pombe na kwa mahari. Neno asali lenyewe ni la Kiarabu, lakini nyuki hawakumngoja Mwarabu. Na neno nyuki, kama neno tamu, ni letu tangu asili.

Na matunda je? Tabora haina zile tunda ndogo nyekundu za baridi ambazo Waingereza huziweka katika pudini yao. Lakini msitu wake una furu, nyeusi na laini zikiiva. Una ntalali, ambazo ni ndugu zake. Una mbula na ntonga. Watoto wa Unyamwezi wamezila hizi vizazi na vizazi, na katika miaka ya njaa ziliwaokoa watu wazima pia. Wanawake wa Tabora wamejifunza kuzitengeneza jamu na maji ya kunywa, wakaziuza sokoni. Shangazi alipoziweka furu katikati ya keki hakuwa anaiga. Alikuwa anatumia alichokuwa nacho, kama mpishi yeyote mwenye akili.

Yafaa pia tukumbuke kwamba Wazungu wenyewe, walipojaribu kula vyakula vyao katika njia hii ya misafara, hawakufanikiwa sikuzote. Siku ya Krismasi ya mwaka 1871, Stanley na Livingstone walikuwa Ujiji, nao waliazimia kufanya karamu kama ya kwao. Walinunua kondoo, mayai, maziwa, ndizi, unga laini, samaki, vitunguu na viazi vitamu. Stanley alikuwa ametoka katika homa, hakuweza kusimamia jiko. Mpishi wake Faraji akaiharibu nyama ya kuoka, na kastadi ikaungua. Habari hii husomwa kwa kicheko. Lakini mimi naiona ni habari ya maana kwa somo letu, maana kastadi ile iliwekwa motoni na Mwafrika, na lawama yake akapewa Mwafrika. Kastadi ya mayai ni kitu chepesi kuharibika: moto ukizidi kidogo mayai hukatika. Hata mpishi wa London huiunguza; ila jina lake haliandikwi.

Sasa nafika kwa mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye jibu hasa la swali la babu. Jina lake Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone, na Stanley alimkuta Ujiji akihangaika jikoni siku ile ya Novemba 1871, wageni walipofika ghafula na heshima ya bwana wake ikawa inategemea sufuria zake. Livingstone na Stanley walikuja Kwihara pamoja mwezi wa Februari 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi, na Livingstone akakaa pale akingojea watu na vifaa mpaka tarehe 25 Agosti. Tembe lile la Kwihara si mbali na Kitete, nalo limehifadhiwa kuwa makumbusho.

Katika miezi ile ya kungojea, Halima aligombana na mwanamke mwenzake wa msafara akatoroka. Livingstone aliandika barua ya kumtafuta, lakini mwenyewe alirudi kwa hiari yake, akasimama nje. Hakutaka ila jambo moja: kwamba bwana atoke na amwambie aingie. Livingstone alitoka akamwambia. Kisha akaandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba tangu alipompata mwanamke huyu hakupata kumkemea hata mara moja. Kwamba ni msikivu na hodari, haibi, wala hamruhusu mumewe kuiba. Na kwamba watakapofika Unguja atamweka huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Maneno haya ni ya kumsifu Halima, na msifu alikuwa mtu aliyeuchukia utumwa kwa moyo wake wote. Lakini yasomwe polepole. Nyumba na bustani ni ahadi ya kesho, na uhuru pia ni ahadi ya kesho. Adui mkubwa wa utumwa katika Afrika alikuwa akila chakula kilichopikwa na mwanamke ambaye, kwa maandishi yake mwenyewe, alikuwa hajamwita huru. Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ya Chitambo, na hakufika Unguja. Tarehe 5 Juni mwaka ule ule, Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa la Unguja. Lakini utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Yaliyofuata naweza kuyapitia kwa haraka. Mwaka 1893 Wajerumani waliivunja ngome ya Mtemi Isike, naye akaona heri baruti kuliko kutekwa. Mwaka 1912 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora, na mzigo wa sukari ukatoka kichwani mwa mtu ukaingia ndani ya behewa. Mwezi wa Septemba 1916 Wabelgiji waliutwaa mji, na baada ya vita ile nchi ikawa chini ya Waingereza mpaka mwaka 1961. Katika nyumba za maofisa wao meza ilikuwa ya Kiingereza, lakini jiko lilikuwa la Mwafrika. Wapishi walijifunza keki, kastadi na pudini kwa amri za maneno machache, wakazipika kwa kuni, katika joto la bara, kwa mayai madogo ya kuku wa kienyeji. Walipostaafu waliurudisha ujuzi huo majumbani mwao. Wasichana nao waliufundishwa shuleni. Maneno keki, kastadi na pudini yaliingia katika Kiswahili kwa mlango huo huo ambao zamani uliingiza halua, sukari na samli, wala hakuna leo anayeikataa halua kwa sababu ya jina lake.

Na kwa kuwa msomaji aweza kutaka kujua pudini yenyewe hufanywaje, nitasema kama nilivyoona kwa shangazi, kwa watu 20. Keki huokwa siku moja kabla: mayai manane na sukari robo kilo hupigwa mpaka yawe meupe na mazito, kisha unga wa ngano robo kilo huingizwa taratibu, huokwa katika sufuria mbili, mkaa kidogo chini na mkaa zaidi juu ya kifuniko. Furu kilo mbili huchemshwa kwa maji kidogo, husuguliwa juu ya chujio mpaka kokwa zibaki peke yake, na rojo lake hurudishwa motoni pamoja na vikombe viwili vya asali. Maziwa lita mbili hupikwa kwa vijiko vikubwa vinane vya unga wa kastadi, sukari kiasi na iliki. Kisha hupangwa: keki, furu, kastadi, keki, furu, kastadi. Hapana ustadi mkubwa ila subira, maana kastadi ya moto huitibua furu, na tabaka zikachanganyika. Bakuli hufunikwa na kulazwa usiku kucha mahali penye baridi, ili keki inywe utamu wa furu. Keki ya jana ni bora kuliko ya leo, na hii ndiyo sababu chakula hiki chafaa kwa mikutano: kazi huisha kabla wageni hawajafika, na mpishi aweza kuketi pamoja na watu.

Wako watakaotaka niseme kwamba bakuli hili ni mfano wa mji wa Tabora: Mnyamwezi, Mwarabu, Mhindi, Mmanyema na Mzungu, tabaka juu ya tabaka, wote katika utamu mmoja. Sisemi hivyo. Watu hawakupangwa kwa subira wala kwa upole. Wengine walikuja kwa bunduki, wengine waliletwa kwa minyororo, na wengine walikuwapo wakasukumwa. Wala si kwetu tu. Sukari iliyoifanya ile pudini ya Kiingereza ienee katika karne ya 18 ililimwa Jamaika na Barbados na watumwa waliotolewa Afrika ya Magharibi. Utamu wa wakubwa, popote tulipoufuata katika insha hii, tumekuta kwamba una mtu chini yake aliyebeba.

Kwa hiyo babu alikuwa na haki ya kuuliza, ila nadhani alimwuliza mtu asiyestahili kuulizwa. Swali la kwamba chakula ni cha nani halijibiwi kwa kutazama kilibuniwa wapi. Hujibiwa kwa kutazama nani alikibeba, nani alikipika, na nani aliketi akala. Kwa kipimo hicho wapagazi waliolipia kila ratili ya sukari kwa shingo zao wana haki katika pudini hii kuliko Thomas Dawson. Kumkataza mjukuu wa mpagazi asiile ni kumnyang'anya mara ya pili.

Nilirudi Kitete wakati wa likizo nikamsomea mzee maneno haya barazani kwake. Alisikiliza bila ya kunikatiza. Nilipomaliza hakusema neno juu ya Burton wala Stanley. Aliniuliza: "Huyo Halima, kwa nini alisimama nje?" Nikamwambia: "Babu, nadhani alitaka aitwe." Akanyamaza kwa muda mrefu.

Shughuli iliyofuata nyumbani kwetu ilikuwa ya kumwombea marehemu. Shangazi alileta bakuli lake kama desturi akataka kurudi jikoni. Mzee alimwita kwa jina lake mbele ya watu wote, akamwambia aje aketi, na akaamuru apakuliwe yeye kwanza. Kisha naye akala. Ndugu zangu wanafunzi, jikoni kwenu wamo watu kama huyu, nao wanazo habari ambazo hazimo katika vitabu vyetu. Waulizeni wakingali hai, na majina yao myaandike.